Maneno Niliyompa Yunisi

Usiku ule niliweka simu juu ya mtungi wa maji, kwa sababu hapo ndipo mtandao unapokamata nyumbani kwangu, nikakaa kwenye kigoda kuiangalia kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Editha, binti yangu, alikuwa amesema, "Mama, nikitoka kwa mwalimu nitapiga." Alitakiwa aonane na mwalimu wake saa tisa alasiri. Jua likazama simu haijalia. Nikasonga ugali wa uwele, ukapoa, mlenda ukafanya ngozi juu, na simu kimya.

Tulilokuwa tunangoja ni jibu la mwalimu. Editha yuko mwaka wa tatu chuoni Dodoma, na ili amalize masomo lazima akabidhi kazi moja kubwa ya kuandika. Kazi yenyewe alishaimaliza. Ilikosa karatasi moja tu, yenye sahihi ya mwanamke mmoja wa hapa Issuna, na mwanamke huyo alikuwa amekataa kusaini. Siku hiyo Editha alikwenda kumwomba mwalimu aipokee kazi bila karatasi hiyo.

Mwanamke huyo anaitwa Yunisi Ntandu. Nyumba yake iko ng'ambo ya njia, hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu, na bomba la maji la mtaa liko mbele ya ua wake. Nikiwa pale kwenye kigoda niliona mwanga wa taa yake chini ya mlango. Kwa nini alikataa kusaini, hapa duniani nilijua mimi peke yangu. Hata yeye hakujua vizuri.

Yunisi amenizidi kama miaka kumi na miwili. Alizaliwa huku huku, nyuma ya yale mawe makubwa, akatolewa shule darasa la tatu akachunge mbuzi wa mjomba wake. Watu humtania kwamba alijifunza kusema kwa mbuzi, na yeye hujibu, "Ndiyo, na mbuzi ni wagumu kuliko nyinyi, hawapigi makofi hata kidogo." Aliolewa na mtu aliyekwenda machimboni. Mtu huyo alituma salamu mara mbili, kisha hakutuma tena. Mtoto hakupata. Anauza mafuta ya alizeti kwa chupa, kando ya barabara mabasi yanaposimama, na hana simu. Anasema akihitajika, anayemhitaji ana miguu.

Akawa msemaji kwa sababu ya upepo. Kulikuwa na msiba wa bibi mmoja, mwezi wa sita, na mwezi wa sita hapa kwetu upepo haumheshimu mtu. Katibu wa kamati ya mazishi alisimama kaburini kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa. Hajafika kwenye majina ya watoto, upepo ukaichomoa karatasi mkononi na kuipeleka kwenye mashina ya mtama. Vijana walikimbia, hawakuipata. Katibu akabaki ameshika mikono yake. Basi Yunisi, ambaye ndiye aliyekuwa anamwogesha yule bibi siku zake za mwisho, akasogea mbele akaanza kumwelezea. Akasema bibi alikuwa anaficha sukari kwenye soksi. Akasema alikuwa akisikia basi la usiku linapita anawaombea abiria, hata kama hamjui hata mmoja. Watu walicheka huku wanalia. Tangu siku hiyo hakuna anayezikwa Issuna, awe tajiri au masikini, bila watu kuuliza, "Yunisi amepewa habari?"

Ana utaratibu wake. Jioni ya kuamkia mazishi anakuja kukaa mkekani na wafiwa, anauliza maswali madogo madogo. Alikuwa anaogopa nini? Akikasirika alikuwa anakwenda wapi? Haandiki kitu. Kesho yake anasema, kwa muda wa kuchemsha chai tu, na akimaliza amemaliza. Ukimwomba arudie, anakataa. Wasifu, kwake, unasemwa mara moja, mbele ya kaburi. Na hapokei malipo, hata kuku. "Mimi siuzi wafu," ndivyo anavyosema.

Sasa nijieleze na mimi. Nilimaliza darasa la saba nikiwa wa kwanza kwa mwandiko. Mimi ndiye katibu wa akina mama kanisani, na muhtasari wangu unaweza kuusoma hata baada ya miaka kumi ukajua nani alichelewa. Mume wangu Stanley alipofariki, miaka sita iliyopita, niliandika wasifu wake mwenyewe, kurasa nne, katikati ya kilio, kwa mwandiko usioyumba. Nikampelekea Simoni, mdogo wake, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Akazikunja bila kuzisoma.

"Shemeji, mjane hasomi."

"Asome mtu mwingine."

"Yunisi atasema. Pumzika."

Yunisi akaja jioni ile akakaa nami mkekani. Akaniuliza, Stanley akitoka nje usiku alikuwa anafanya nini? Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mbwamwitu wakilia, Stanley alikuwa anatoka na tochi, anakwenda kwanza kufunga vizuri lango la zizi la jirani, kisha anarudi kufunga letu. Nilikuwa nikimgombeza kwa jambo hilo. Nilimwambia Yunisi na hilo pia.

Kesho yake alisimama akasema, "Tunamzika mtu aliyefunga zizi la jirani kabla ya zizi lake." Basi, alianza hivyo hivyo. Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Mpaka leo mtu akifanya jambo la ukarimu mnadani utasikia, "Huyu anafunga zizi la jirani, kama alivyosema Yunisi." Kama alivyosema Yunisi! Mbwamwitu niliwasikia mimi. Kitanda kilichopoa kilikuwa changu. Yeye alikaa mkekani jioni moja akaondoka na neno, na neno limekuwa lake. Kurasa zangu nne niliziweka kwenye sanduku, chini ya kitenge cha harusi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alilisema vizuri kuliko nilivyoliandika.

Miaka mitatu baadaye Editha alipata chuo. Tulipouliza anakwenda kusomea nini, akasema, "Uandishi na balagha." Simoni akauliza balagha ni mdudu gani. Mama mmoja pale bombani akasema, "Mama Editha, kwani mtoto wako alizaliwa bubu, mpaka serikali imkopeshe akafundishwe kusema?" Nikacheka nao, lakini jioni nikamwuliza mwenyewe.

"Ni elimu ya namna maneno yanavyomfanya mtu akubali jambo, mama. Kwa kusema au kwa kuandika."

"Hata uongo?"

"Hata uongo una namna yake. Tunajifunza ili tuutambue."

Nilipenda elimu hiyo. Nilijiona nimo ndani yake. Alipokuwa mwaka wa kwanza alinisomea kwenye simu kitu alichoandika kuhusu upepo wa kwetu, nikamwambia sentensi moja ni ndefu, aivunje. Akaivunja. Wiki mbili baadaye akaniambia mwalimu ameisifu sentensi hiyo hiyo. Niliwaambia watu wengi zaidi ya ilivyostahili.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja likizo na kazi yake ya mwisho. Atafute mtu mmoja katika jamii yake anayejulikana kwa nguvu ya maneno, amrekodi, amwandike maisha yake, aeleze maneno yake yanafanyaje kazi. Alinieleza hayo usiku wa kwanza, tukichambua maharage. Asubuhi nilifungua sanduku, nikatoa zile kurasa nne, nikazinyoosha kwa pasi ya mkaa isiyo moto sana, nikaziweka mezani chini ya kikombe chake cha chai. Akaketi, akanyanyua kikombe, akanywa.

"Mama, mtu wenyewe nimeshampata," akasema. "Tangu nikiwa kwenye basi. Mama Yunisi."

"Ni mtu mzuri," nilisema. Alipokwenda kuoga nilizirudisha kurasa kwenye sanduku. Nafikiri hakuziona. Sijawahi kumwuliza.

Mwezi mzima nilimtazama kupitia dirishani. Anatoka asubuhi, anapepeta alizeti na Yunisi, simu imewekwa juu ya gunia inarekodi. Nilijua saa wanayokunywa uji. Nilijua Yunisi akicheka anampiga Editha begani, na Editha anajiinamia kama alivyokuwa akifanya kwa baba yake. Mimi nyumbani hanichekei hivyo. Nikimwambia jambo anasema "sawa mama," sauti imeshafika mlangoni.

Jioni moja nilimwuliza, "Umekula?"

"Nimekula kwa mama."

"Kwa mama yupi?"

"Mama Yunisi, mama."

"Na huyu aliyekaa hapa na mwiko ni nani?"

"Wewe ni mama."

"Ahsante kwa kunikumbusha."

Akacheka akidhani natania. Siku nyingine alirudi macho mekundu. Akakaa karibu yangu, akasema Yunisi amemsemea tena wasifu wa baba yake, wote, kuanzia zizi mpaka mwisho. Hajawahi kurudia wasifu kwa mtu yeyote. Alifanya hivyo kwa sababu Editha siku ya mazishi alikuwa na miaka kumi na sita, alizimia, hakusikia.

"Nimeurekodi. Tusikilize wote?"

"Mimi nilikuwepo," nilisema. "Sina haja ya kusikia mara mbili."

Chuo kilifungua wakati Yunisi yuko msibani Kintinku. Editha akaniachia ile karatasi. Ni fomu ya ridhaa: mtu aliyerekodiwa anasaini kwamba ameelezwa na amekubali. Yunisi anajua kuandika jina lake, lakini kusoma karatasi kama ile hawezi. "Msomee polepole, mama," Editha aliniambia, begi likiwa begani. "Usiruke kitu. Akisaini, Rahel atapiga picha anitumie." Rahel ni binti wa duka la pale njiani, alimaliza kidato cha nne, simu yake ni nzuri.

Yunisi alirudi siku ya Jumatatu. Hakungoja nimfuate. Alikuja mwenyewe mchana kweupe, na chupa ya mafuta mkononi, zawadi. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi.

"Haya, mama Editha, nisomee. Mwanetu amesema ni wewe utakayenisomea."

Mwanetu. Nilimzaa siku mbili, kituo cha afya hakina umeme, Stanley ameshika tochi. Mwanetu.

Nilianza vizuri. Nilisoma jina la kazi, jina la Editha, nikasoma kwamba anayerekodiwa anaweza kujitoa wakati wowote. Nikafika palipoandikwa kwamba sauti itatumika kwa masomo tu. Macho hayakutoka kwenye karatasi. Nikasoma: "Chuo kina ruhusa ya kuiuza sauti hii, pamoja na wasifu wa marehemu uliomo, kwa redio na kwa wengine."

Yunisi akainua kiganja. "Rudia hapo."

Nikarudia, neno kwa neno, sikukosea hata moja.

"Stanley auzwe?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na Editha anajua?"

Hapo bado ningeweza kurudi. Ningesema mtoto hajui, ni wakubwa wa chuo. Nikasema, "Karatasi ameiandika yeye."

Akasimama. Hakugomba. Alijifunga khanga vizuri, akatoka, na chupa ya mafuta akaiacha.

Editha alipiga simu kwa Rahel, Rahel akampelekea Yunisi simu mpaka nyumbani. Yunisi akasema, "Mwambie alale salama," akaingia ndani. Basi Jumamosi Editha akapanda basi akaja. Nilisimama dirishani nikamwona akibisha. Alibisha mara tatu, akaita hodi, akaita mama, akaweka paji la uso kwenye mlango. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Yunisi, kwa hiyo alikuwemo. Mlango haukufunguliwa. Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Usiku Editha alikuja kulala kitandani kwangu kama alipokuwa mdogo, miguu yake baridi kwenye miguu yangu, akauliza, "Nimemkosea nini, mama?" Nikamwambia wazee wana mambo yao. Nikamshika mpaka akalala. Nilimpata mwanangu usiku huo mmoja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani wakati nimekaa na ile simu juu ya mtungi. Ililia saa nne kasoro.

"Amekataa," Editha alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, alikuwa ameshamaliza kulia. "Anasema bila sahihi hawezi, hata angetaka. Mwisho ni kesho saa sita mchana. Ikishindikana natafuta mtu mwingine, naanza upya, mwakani."

"Mwakani!"

"Na mkopo hautaendelea, mama. Sijui." Kisha akasema, "Ningekuandika wewe. Ningekuandika wewe haya yote yasingetokea."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nimelitengenezea mahali pa kukaa. Lilipokuja halikukaa. Nilisema "lala mwanangu," nikakata simu, nikabaki nimesimama katikati ya chumba.

Kwenye droo ya meza Editha alikuwa ameacha daftari. Humo ndimo alimonakili maneno ya Yunisi kutoka kwenye simu, kwa mkono, kabla ya kuyachapa. Mimi ni mtu wa kuchungulia, sikatai, lakini daftari hilo nilikuwa sijaligusa, kwa sababu sikutaka kuona jina la Yunisi kwa mwandiko niliomfundisha mimi. Usiku huo nililifungua. Nikatafuta pa Stanley. Baada ya wasifu, Editha alikuwa ameuliza, neno la zizi ulilipata wapi? Na Yunisi akajibu hivi:

"Hilo si langu. Alinipa Magdalena, mama yako, tumekaa mkekani. Mimi ni kapu tu, wafiwa ndio wanaotia. Siku ile kama Magdalena asingekuwa na machozi angelisema kunishinda. Ana kichwa yule. Lakini hajawahi kunipenda, na mimi sijui nilimfanya nini."

Mtu mwema angelia. Mimi nilikasirika. Niliona hata kunisifu ameniwahi, amenisifu nisipokuwepo, nisipate hata nafasi ya kukataa. Nikalifunga daftari, nikalifungua tena, nikasoma tena. Taa ya Yunisi ilikuwa imezimwa. Sikulala.

Kulipokucha niliifunika fomu kwa khanga kwa sababu ya upepo, nikachukua kalamu, nikavuka njia. Ilikuwa saa ya maji. Bombani walikuwepo wanawake sita au saba na ndoo zao, na Rahel akiwa mmoja wao. Ningeweza kusubiri wapungue. Nilifikiri saa sita ya mchana, sikusubiri.

"Hodi, dada Yunisi."

Ndani kulikuwa na mtu anafagia. Ufagio ukasimama.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Sijawahi kumwamkia mkubwa asiitikie, tangu nizaliwe. Bombani waligeuka.

"Nimekuja na ile fomu."

"Ipeleke redioni," sauti ikatoka ndani.

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo.

"Dada, nilikusomea vibaya."

"Macho yanakusumbua?"

"Hapana."

"Basi taa ilikuwa ndogo."

"Ilikuwa mchana, dada."

"Eeh. Sasa tunaanza kuelewana." Nikasikia kigoda kinaburutwa, kikawekwa karibu na mlango. "Haya, sema. Na usininong'oneze. Mimi nikiwa kaburini huwa sinong'oni."

Mtu akafunga bomba. Tangu Stanley afariki nilikuwa natamani siku moja watu wa Issuna wanyamaze wanisikilize mimi. Sasa walikuwa wamenyamaza, hata mtoto aliyekuwa mgongoni alinitazama. Nikasema. Nilisema kwamba kwenye karatasi hakukuandikwa kuuza. Kwamba imeandikwa masomo tu. Kwamba neno la kuuza nililitoa kichwani mwangu nikalisoma kama limo, na aliponiambia nirudie nililirudia. Kwamba Editha hakuandika hivyo na hajui hata sasa, na leo saa sita mchana atapoteza mwaka wake kwa sababu yangu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na upepo ulichukua nusu, ikabidi nirudie baadhi kwa nguvu. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Walinitazama tu.

"Kwa nini?" Yunisi akauliza.

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nina chupa za mafuta na paa linalovuja. Unataka lipi?"

"Una mwanangu," nilisema. Halafu, kwa kuwa nilikwishaanza, "Na lango la zizi."

Nilidhani ameondoka mlangoni.

"Rahel yupo hapo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ichukue hiyo karatasi unisomee wewe. Huyu ameshasoma."

Nikampa Rahel. Alisoma harakaharaka, kwa aibu, kama mtu anayesoma barua ya watu, na mimi nikasimama pembeni mikono mitupu nikisikiliza karatasi niliyoijua kwa moyo. Alipofika kwenye "masomo tu" Yunisi akamwambia arudie. Akarudia. Kisha Yunisi akasema, "Ipitishe chini."

Rahel aliinama akaisukuma fomu na kalamu chini ya mlango. Vikamezwa ndani. Tulisikia kalamu inavyokwaruza, polepole, herufi moja moja. Yunisi akiandika jina lake huwa anasimama katikati kupumua. Karatasi ikarudi na vumbi. Y yake kubwa, yenye pembe kama panda ya manati, na Ntandu imepanda mlima.

Rahel akaibandika mlangoni kwa kiganja, akaipiga picha, akaituma. Hatukumaliza hata dakika tano, simu yake ikalia. Alikuwa Editha. Rahel akasema, "Ndiyo, amesaini. Ndiyo, yuko hapa," akaitazama simu, akanitazama mimi, kisha akaisogeza kwenye ufa wa mlango. Sikusikia alichosema Editha. Nilimsikia Yunisi. Alisema, "Usilie, mwanangu. Peleka kazi yako. Tutaongea." Hiyo "tutaongea" niliijua maana yake. Nikaamua jioni ile nimpigie Editha mimi mwenyewe, nimwambie yote, kabla bomba halijamwambia.

Wanawake waliinua ndoo zao wakaondoka mmoja mmoja. Wawili walinipita bila kuniaga. Rahel akanirudishia fomu na kalamu, akasema, "Mama, nitakuja kuichukua niipeleke kwenye basi la saa nne, chuoni wataitaka na karatasi yenyewe." Nikabaki peke yangu.

"Shikamoo, dada," nilisema tena.

Kigoda kikaburutwa kutoka mlangoni. Ufagio ukaanza upya, ukaelekea chumba cha nyuma.

Nilisubiri kidogo zaidi, kisha nikavuka njia kurudi. Mlango ule una komeo la mti wa mninga, likivutwa linatoa sauti mbili, moja nzito na moja nyepesi. Nimelisikia miaka ishirini kutoka dirishani kwangu, likifunguliwa kwa ajili ya wafiwa, wauza samaki, na watoto waliopoteza mbuzi. Mwezi wa saba Editha atakuja likizo. Atashuka kwenye basi, ataweka begi kwangu, atavuka njia, na atabisha mara moja tu. Komeo nitalisikia.